Kutoka Uyole hadi Matema: namna ya kuendesha gari kwenye barabara ya milima na maziwa ya Rungwe na Kyela

Kutoka njiapanda ya Uyole, pembezoni mwa jiji la Mbeya, hadi mchangani Matema ni kama kilomita 150 tu. Anayeiangalia ramani anasema saa tatu zinatosha. Zinatosha kweli, ukiwa umefumba macho na hali ya hewa imekuhurumia. Barabara inapanda kutoka Uyole hadi zaidi ya mita 2,000 kwenye safu ya Uporoto, inapita ubavuni mwa Mlima Rungwe wenye mita 2,960, inashuka Tukuyu kwenye mita 1,500 na ushee, kisha inateremka mpaka Ziwa Nyasa lililo chini kidogo ya mita 500. Kila ukishuka mita 1,000, joto huongezeka takriban nyuzi sita. Asubuhi unatetemeka ndani ya koti Isongole huko juu milimani, alasiri unatafuta kivuli cha mwembe Kyela.

Kwa hiyo panga safari hii kwa mwinuko na saa. Swali la kujiuliza kila asubuhi ni hili: leo nitakuwa juu saa ngapi, na nitashuka saa ngapi?

Mvua na ukungu vinatoka wapi

Hewa yenye unyevu inatoka Ziwa Nyasa, inasukumwa kaskazini, inakutana na ukuta wa Rungwe na Uporoto, inapanda, inapoa na kugeuka mawingu. Ndiyo maana Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, ilhali jiji la Mbeya, lililo nyuma ya milima hiyo hiyo, halipati hata nusu ya kiasi hicho kwa miaka mingi. Kosa la kwanza la wageni linaanzia hapo: wanaangalia utabiri wa Mbeya mjini, wanaona jua, wanaondoka bila koti la mvua. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa wa Nyanda za Juu Kusini-Magharibi na ule wa Ziwa Nyasa, kisha mpigie simu mwenye nyumba ya wageni unakokwenda umuulize jana alasiri ilikuwaje. Jibu lake lina uzito kuliko picha ya wingu kwenye simu yako.

Mvua kubwa huanza Novemba na kuendelea hadi Mei, na Machi na Aprili ndiyo miezi mizito zaidi. Juni na Julai mvua hupungua lakini Tukuyu hubaki na manyunyu na baridi, na huko juu Uporoto umande unaweza kuganda usiku. Kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Oktoba barabara za vumbi huwa ngumu na salama, ila moshi wa mashamba yanayochomwa hufifisha mandhari. Unaweza kusimama Tukuyu usiuone Rungwe vizuri. Kwa anayependa kuona mbali, siku bora ni zile zinazofuata mvua: anga huwa limeoshwa, na safu ya Livingstone inaonekana wazi ng'ambo ya bonde. Kati ya Desemba na Februari siku nyingi huanza na jua, mawingu yanajikusanya mchana, mvua inashuka alasiri. Ratiba iliyo hapa chini imejengwa juu ya tabia hiyo.

Gari: mambo ya kukagua kabla ya Uyole

Gari dogo kama IST litafika Matema kwa lami bila shida wakati wa ukavu. Ukitaka kuchepuka kwenda Ziwa Ngosi, Daraja la Mungu au Ziwa Masoko mvua zikiwa zimekolea, chukua gari la juu lenye kuvuta magurudumu yote manne.

Breki ndizo za kwanza. Mwambie fundi afungue magurudumu yote, si ya mbele pekee. Pedi iliyobaki unene chini ya milimita 4 ibadilishwe kabla ya safari hii hata kama ingekudumu miezi miwili mjini. Mafuta ya breki yaliyozidi miaka miwili yamwagwe yote na kuwekwa mapya. Sababu ni kwamba mafuta hayo hunyonya unyevu kidogo kidogo. Kwenye mteremko mrefu breki zikichemka, maji yaliyomo hugeuka mvuke, mvuke hubonyea, na kanyagio linazama hadi chini bila gari kusimama. Mtu anasema breki zilikatika ghafla. Hazikukatika ghafla, zilikuwa zikisubiri mteremko.

Tairi kipara ziache nyumbani. Mifereji ya tairi iwe na kina cha milimita 3 au zaidi, maana kwenye lami iliyolowa ndiyo inayotoa maji chini ya tairi. Pima upepo asubuhi tairi zikiwa baridi, ufuate kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva; magari mengi madogo ni kati ya PSI 30 na 33. Usipunguze upepo Matema eti tairi zimejaa kwa joto. Ukirudi juu kwenye baridi zitakuwa laini kuliko inavyotakiwa.

Badilisha mipira ya waipa. Ni kitu cha bei ndogo, na ndicho kinachofanya watu wasimame njiani Isongole wakifuta kioo kwa kitambaa. Rejeta iwe na kulanti, si maji matupu. Beba spea yenye upepo, jeki, spana ya magurudumu, alama mbili za pembetatu, kizima moto, kamba ya kuvutia, tochi, na mawe mawili au vipande vya mbao vya kuzuia gari mlimani. Ndani ya gari: koti la mvua kwa kila mtu, sweta, viatu vyenye meno, nguo nyepesi za Kyela, chandarua au uhakika kwamba mnakolala kipo, na pesa taslimu za noti ndogo.

Mafuta utayapata Uyole, Kiwira, Tukuyu na Kyela. Jaza tena Kyela kabla ya kwenda Matema.

Siku ya kwanza: Uyole, Ngosi, Tukuyu

Ondoka Alhamisi. Sababu ya siku hiyo utaiona utakapofika Matema.

Uwe Uyole saa 1 asubuhi. Kupanda kuelekea Igawilo na Uporoto utakuwa nyuma ya malori ya mafuta na mizigo yanayokwenda mpaka wa Kasumulu na Malawi, yanapanda polepole sana. Subiri. Madereva wa malori wana lugha yao: taa ya kulia ikiwaka maana yake usipite, kuna gari linakuja; ya kushoto, pita. Ni msaada mzuri, lakini mwenye lori haoni kilicho nyuma ya kona zaidi yako, na wakati mwingine taa ya kulia ni kwamba anakata kulia kweli. Pita pale tu macho yako mwenyewe yanapoona lami tupu ya kutosha. Ukikuta matawi ya miti yametupwa barabarani, punguza mwendo mara moja: kuna gari bovu mbele, mara nyingi kwenye kona. Na kwenye makazi ni kilomita 50 kwa saa. Vijiji vya huku vimeungana, na wanafunzi, mbuzi na baiskeli zilizobeba mikungu ya ndizi hutumia ukingo ule ule wa barabara.

Ukungu ukikuta juu ya Igawilo, washa taa za kawaida za chini. Taa kali hugonga matone ya ukungu na kurudi machoni mwako kama ukuta mweupe. Fuata mstari wa kushoto, usifuate wa katikati, kwa kuwa anayekuja naye huenda anaufuata huo wa katikati. Teremsha kioo cha dirisha kidogo usikie honi na muungurumo. Usiendeshe huku taa za dharura zinamweka. Wa nyuma atadhani umesimama, na hataiona taa yako ya kukata kona. Kama huoni mbali ya mita 30, toka kabisa nje ya lami kwenye kituo cha mabasi au uwanja wa duka, ndipo uwashe hizo taa za dharura. Kusimama nusu lami nusu majani ndiko kunakoua.

Kioo kikiingia ukungu ndani, washa kiyoyozi pamoja na joto, uelekeze kwenye kioo cha mbele, na zima mzunguko wa hewa ya ndani ili hewa iingie kutoka nje. Kiyoyozi ndicho kinachokausha hewa. Wengi hukizima kwa sababu ya baridi, halafu wanaendelea kufuta kioo kwa kiganja na kukichafua zaidi.

Njia ya kwenda Ziwa Ngosi inachepuka upande wa kulia eneo la Isongole, kwenye mashamba ya viazi. Kilomita chache za vumbi hadi mwanzo wa msitu. Zikiwa zimelowa, udongo huu wa majivu ya volkano huteleza kama sabuni, na gari dogo liache kijijini kwa mtu aliyekubali kulilinda. Lipa kiingilio, uchukue risiti, na uchukue mwongoza njia wa hapo hapo. Kutoka mwisho wa gari hadi ukingoni ni karibu saa moja ya kupanda kwa miguu ndani ya msitu wenye mianzi na migomba pori, na sehemu ya mwisho ni kali, mizizi na tope.

Ngosi ni ziwa la kreta, lenye urefu wa kama kilomita 2.5, limelala mamia ya mita chini ya ukingo unaosimama. Ukifika juu ukakuta weupe mtupu, usigeuke. Ukungu wa hapa huja na kuondoka. Kaa nusu saa hadi saa moja, vaa sweta kabla hujahisi baridi, kula parachichi lako. Mara nyingi upepo hufungua dirisha la dakika kumi na ziwa lote la kijani linajitokeza. Kushuka hadi majini kunawezekana kwa mwongozaji mwenye kamba, lakini baada ya mvua usijaribu: udongo unakatika na hakuna gari la wagonjwa litakalofika pale.

Uwe umerudi kwenye gari kabla ya saa 7 mchana. Mvua ya alasiri ikikukuta ndani ya msitu, kushuka huchukua muda mara mbili ya kupanda.

Lala Tukuyu. Jioni baridi huingia upesi na giza karibu saa 1. Agiza ndizi za kupika na maharage, au nyama, na kumbuka neno la shukrani la Kinyakyusa: ndaga fijo. Linafungua milango mingi kuliko kitambulisho.

Siku ya pili: Daraja la Mungu, kisha mteremko mkubwa

Asubuhi rudi nyuma kidogo, uchepuke magharibi kwenda Mto Kiwira. Daraja la Mungu ni upinde wa mwamba ulioachwa na lava, mto ukapata njia chini yake. Kilomita kadhaa mbele yake kuna Kijungu, ambako maji ya Kiwira yanaingia kwenye chungu cha mwamba na kuzunguka kabla ya kutoka upande wa pili. Kijungu kipo jirani na chuo cha magereza, hivyo jitambulishe getini, na usipige picha majengo wala askari. Kando ya maji kwenye sehemu zote mbili mwamba una utelezi wa kijani. Mtu akiingia Kijungu hatoki. Watoto washikwe mkono muda wote.

Kama una gari la juu na siku ni kavu, ongeza Ziwa Masoko, ziwa dogo la duara kusini-mashariki mwa Tukuyu, kando ya majengo ya mawe ya Wajerumani. Wenyeji husimulia kwamba Wajerumani walitupa mali na silaha humo wakati wa Vita ya Kwanza. Kama mvua ilipiga usiku, liache.

Anza kushuka kwenda Kyela saa 7 au 8 mchana, tumbo likiwa limeshiba na dereva amepumzika. Hapa ndipo safari yote ilipo. Unapoteza karibu mita 1,000 za mwinuko kwa kilomita zisizofika 60, kona baada ya kona, kwa lami inayoweza kuwa imelowa huku mashamba ya chai yakikuvuta macho.

Sheria ni moja: shuka kwa gia ambayo ungepandia. Gari la manuwali, gia ya tatu au ya pili, uiingize kabla mteremko haujaanza. Gari la otomatiki la Toyota, bonyeza kitufe cha ubavuni mwa mkono wa gia mpaka maneno O/D OFF yawake kwenye dashibodi. Mteremko ukizidi, vuta hadi 2, au L. Injini itanguruma kwa mizunguko 3,000 hadi 3,500. Haiumii, inafanya kazi ya kukuzuia. Breki ikanyage kwa nguvu kwa sekunde chache, mwendo upungue vya kutosha, uachie kabisa, ipoe. Mguu unaokaa juu ya breki kwa wepesi kilomita nzima ndio unaochoma pedi. Usiweke nyutro kwa ajili ya kubana mafuta: magari mengi ya sasa hukata mafuta yenyewe unaposhuka ndani ya gia, kwa hiyo nyutro inakula zaidi na kukunyang'anya breki ya injini.

Ukisikia harufu kali kama ya kitu kilichoungua, au kanyagio likianza kuwa laini, tafuta mahali tambarare usimame. Weka gia, weka jiwe nyuma na mbele ya tairi, usivute handbreki kwa nguvu ngoma zikiwa za moto. Subiri dakika 30. Usimwage maji kwenye magurudumu, diski itapinda na usukani utatetemeka safari nzima. Kama breki zinakuacha kabisa njiani, shusha gia moja moja, vuta handbreki kidogo kidogo, na elekeza gari upande wa mlima, kamwe si upande wa bonde.

Baada ya Ibanda nchi inalala. Joto linakupiga usoni, mashamba yanakuwa ya mpunga, kakao na michikichi. Hatari nayo inabadilika: sasa ni maji. Machi hadi Mei mito Kiwira, Mbaka na Lufilyo hujaa kutokana na mvua iliyonyesha huko juu ulikotoka, hata kama Kyela kuna jua. Ukikuta maji yamefunika barabara, simama. Angalia mtu mzima anavuka vipi kwa miguu. Yakimfika chini ya goti na kingo za barabara unaziona, gari la juu linaweza kupita kwa gia ya kwanza, mwendo wa kutembea, bila kusimama. Gari dogo lisijaribu maji yanayozidi katikati ya ringi. Maji yanayokwenda kasi yasivukwe na gari lolote; sentimita 30 zinatosha kulisogeza gari dogo. Injini ikizima ndani ya maji, usijaribu kuiwasha tena, kwani ikiwa imenyonya maji, kuizungusha kutapinda fito za pistoni. Isukumeni nje, fundi atoe plagi kwanza. Mkishatoka salama, kanyaga breki kwa wepesi mara kadhaa zikauke.

Kutoka barabara ya Kyela, pale Kikusya, unakata kwenda Ipinda na Matema, karibu kilomita 40. Fika kabla ya giza.

Matema

Jumamosi asubuhi kuna soko la vyungu kijiji cha Lyulilo, jirani na Matema. Wanawake wa Kikisi kutoka Ikombe na vijiji vya chini ya Milima ya Livingstone huvileta kwa mitumbwi, na wachuuzi huvinunua kwa wingi kuvipeleka Mbeya na kwingineko. Nenda mapema. Chungu kifunge kwa majani makavu ya mgomba, kiweke sakafuni nyuma ya kiti, kisiwekwe kwenye buti juu ya spea. Mitetemo ya tuta moja tu inakitosha.

Ziwa lina tabia yake. Asubuhi huwa limetulia kama kioo, na ndio wakati wa mtumbwi kwenda Ikombe. Kati ya Mei na Agosti upepo wa kusini, ambao upande wa Malawi huitwa mwera, unaweza kuinua mawimbi makubwa kwa muda mfupi, kwa hiyo uwe umerudi ufukweni kabla ya saa 6 mchana na usipande chombo kisicho na jaketi okozi. Kuogelea ni kwenye mchanga wazi ambako wenyeji wanaogelea, mbali na midomo ya mito yenye mamba na mbali na matete yenye konokono wa kichocho. Mara nyingine utaona moshi mweusi umesimama ziwani. Hao ni nzi wa ziwa, mamilioni yao. Upepo ukiwaleta kwako, funga vioo na zima taa za nje. Gari usiliingize mchangani hata kama linavuta magurudumu manne.

Kula samaki aina ya mbasa, na nunua mchele wa Kyela kwenye soko la Ipinda ukiwa unarudi.

Kurudi

Jumapili ondoka saa 12 alfajiri ili upande Tukuyu hewa ikiwa bado baridi. Kupanda ndiko kunakochemsha rejeta. Mshale wa joto ukipita katikati, zima kiyoyozi na washa joto la ndani hadi mwisho. Itakuwa adha kwa abiria, lakini joto hilo linatoka kwenye injini. Mshale ukiendelea kupanda, egesha, iache injini iungurume dakika mbili ndipo uzime, na mfuniko wa rejeta usiguse kwa nusu saa.

Halafu unabaki mteremko wa Igawilo kuingia Uyole. Dereva ameshaona Mbeya kwa mbali, abiria wanaulizana chakula cha mchana, na mbele kuna lori lenye mzigo linaloshuka kwa breki zake zenyewe. Simama juu kabla ya mteremko kuanza, nyoosha miguu dakika kumi, weka gia ya pili, kisha uache mita 100 kati yako na lori la mbele. Na lori la nyuma likija kwa kasi isiyo ya kawaida, huku linapiga honi mfululizo, usishindane nalo: toka kushoto nje ya lami, liache lipite.